James Kirkman, Mzee wa Ngomeni

Sisi vijana wa Mombasa twaipita Ngome ya Yesu pale Mji wa Kale kila mara. Je, ni wangapi tunaomjua mzee aliyeishughulikia ilipogeuka kutoka jela kuwa makumbusho? Basi safari hii nimeona nimwandike James Kirkman.

Kirkman alikuwa Mwingereza, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyezaliwa mwaka 1906. Mwaka 1948 alianza kuchimbua magofu ya Gedi, karibu na Malindi, akaifanya kazi hiyo kwa miaka kumi. Si mchezo! Wako wataalamu wanaoishika ile methali ya asiyejua maana haambiwi maana. Yeye hakuwa hivyo. Nyumba alizozifukua alizipa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe za Ndovu. Hata mtoto wa darasa la tatu akisikia majina hayo anafahamu papo hapo kwamba humu walikaa watu, wakakata nguo, wakawasha taa magharibi.

Ngome nayo, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuwa jela tangu 1895. Jela ilipoondolewa mwaka 1958, Kirkman alipewa kazi ya kuichimbua, kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Mwaka 1960 milango ikafunguliwa kwa watu wote, naye akawa mtunzaji wa kwanza wa makumbusho hayo hadi 1972. Aliandika pia vijitabu vya kuwaongoza wageni, ila kwa Kiingereza.

Lakini tusimsifu tukapitiliza. Kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita Gedi mji wa Waarabu. Wataalamu waliomfuata walichunguza zaidi, wakaonyesha kwamba miji hii ya pwani ni ya Waswahili wenyewe, waliofanya biashara na watu wa ng'ambo. Hapo ndipo mimi naona faida ya kuianika elimu hadharani. Mtaalamu akikosea, vigae na kuta zenyewe zipo, na mwingine huja akatazama, akamsahihisha.

Mzee Kirkman alifariki mwaka 1989. Kazi aliyotuachia, wanachama wenzangu, ni hii: twende Ngomeni, tuvitazame vitu vyetu kwa makini, kisha tuwaeleze wadogo zetu kwa Kiswahili chetu.