Karatasi Ndani ya Koti

Juzi kijana wetu mmoja aliniuliza kama aache chuo, asije akapoteza imani huko. Nilimjibu kwa habari za Blaise Pascal.

Huyu alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1623. Mamake alifariki akiwa mdogo wa miaka 3, babake akamlea na kumfundisha mwenyewe nyumbani. Kichwa chake kilikuwa moto! Akiwa na miaka 18 au 19 tu alianza kuunda mashine ya kupiga hesabu, ili ampunguzie babake kazi ya hesabu za kodi. Mwaka wa 1648 alimtuma shemeji yake apande mlima na mrija wa zebaki, kupima uzito wa hewa. Wasomi wakamjua. Lakini ndani, dunia ilikuwa imeanza kumchosha.

Sasa sikiza. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu mpaka saa sita na nusu, Mungu alimtembelea. Akaandika kwamba ni moto, na kwamba huyu ni Mungu wa akina Ibrahimu, sio wa wanafalsafa. Karatasi ile akaishona ndani ya koti lake. Hakutangazia watu. Alipokufa mwaka wa 1662, akiwa na miaka 39, ndipo mtumishi wake akaipata.

Je, aliacha hesabu? Hapana. Ila alijua mahali pake. Siku zake za mwisho, mtoto wa familia maskini aliyokuwa anaishi nayo aliugua ndui. Pascal, mgonjwa vilevile, ndiye aliyehama nyumba yake mwenyewe, mtoto asisumbuliwe.

Wapendwa, kosa la Adamu na Hawa halikuwa kupenda kujifunza. Walitaka kuwa sawa na Mungu. Na kuwa kama mtoto mdogo, Mathayo 18, sio kuwa mjinga. Ni kujua una Baba.

Ninakiri mbele yenu: nilipopata cheti changu, nilikitundika ukutani na maombi yangu yakawa ya dakika mbili. Nilikuwa na ukuta, sikuwa na koti.

Kijana, rudi chuoni, usome sana. Lakini niambie, ndani ya koti lako umeshona nini?