Muzee Kano Jigoro: alimuangusha mutu na kumulinda kichwa

Kwetu Lubumbashi neno judo linajulikana sana. Vijana wanavaa kimono, wanafunga mukaba, wanaangushana kwenye tatami. Lakini tukiwauliza ni nani aliyeanzisha mambo haya, wengi wananyamaza. Njo maana leo tunasimulia maisha ya Kano Jigoro, Mujapani aliyekufa 1938. Hakushuka katika shimo la mina hata siku moja, lakini sisi watu wa sindika tunaona anatufundisha jambo.

Alizaliwa 1860 huko Mikage, karibu na Kobe. Mama yake alikufa yeye angali mutoto, kisha baba akamupeleka Tokyo kusoma. Akili alikuwa nayo nyingi, lakini mwili ulikuwa mudogo: hata alipokomaa hakufika mita 1,60. Masomoni wenzake wenye nguvu walimuonea na kumupiga. Akasikia kwamba kuna mapigano ya zamani, jujutsu, ambayo mudogo anaweza kumuangusha mukubwa. Kupata mwalimu ilikuwa ngumu, juu Japani wakati ule ilikuwa inakimbilia mambo ya Ulaya, na jujutsu ilionekana kitu cha wababe tu. Katika 1877 akampata Fukuda Hachinosuke, akaanza.

Mule katika sale kulikuwa mutu munene, Fukushima Kanekichi, aliyemushinda Kano kila mara. Kano hakutafuta kikundi cha kumungojea inje. Aliingia katika biblioteke, akasoma vitabu vya mieleka ya Ulaya, akapata namna ya kumunyanyua mutu kwenye mabega. Akaijaribu, na jitu lile likaenda chini. Sisi watu wa mina tunajua kubeba vile: ni sawa na kumutoa mwenzako aliyeumia.

Lakini kazi kubwa ilifanyika ndani ya roho yake. Kano mwenyewe alieleza baadaye kwamba zamani alikuwa mwepesi wa hasira, na kadiri mwili ulivyopata afya na nguvu, hasira ilipungua. Juu ya nini? Sisi tunaona hivi: mutu mwenye woga njo anayerusha ngumi mbio. Anayejua nguvu zake hana haraka.

Katika 1882, akiwa kijana wa miaka 21, alifungua sale yake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji huko Tokyo. Ilikuwa na tatami 12 na wanafunzi 9, basi. Alichagua mbinu nzuri za walimu wake, na zile za kuvunja mutu akaziondoa katika mashindano ya kila siku. Somo la kwanza lilikuwa kujua kuanguka bila kuumia. Jina nalo akalibadilisha: jujutsu ni ufundi, judo ni njia, maana yake njia ya kuishi.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa anarudi kutoka Ulaya kwa meli, karibu na 1891, ofisa mumoja Murusi, mutu mukubwa, alimujaribu. Kano akamurusha, lakini kabla hajafika chini, akaweka mukono kumulinda kichwa. Wale waliokuwa wanaangalia walishangaa mukono ule kuliko muangusho wenyewe.

Kazi yake ya mukate ilikuwa ualimu. Kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza chuo kikubwa cha walimu huko Tokyo, na alifungua masomo kwa vijana kutoka Uchina. Katika 1909 akawa mutu wa kwanza wa Asia katika komite ya Olimpiki. Mafundisho yake aliyafunga katika maneno mawili: tumia nguvu zako vizuri bila kuzipoteza bure, na ustawi pamoja na mwenzako.

Neno hilo la pili njo wengi wanalisahau. Popole Misenga na Yolande Mabika, watoto wa Bukavu ambao vita iliwatenganisha na jamaa zao, waliiacha timu ya Kongo huko Rio katika 2013. Walisimulia kwamba wakipoteza pambano walikuwa wanafungiwa na kunyimwa chakula. Katika 2016 walipanda kwenye tatami ya Olimpiki katika timu ya wakimbizi, na Misenga akashinda pambano lake la kwanza. Mwalimu anayemunyima mutoto chakula, hata akiwa na mukaba mweusi, njia ya Kano hajaijua.

Na sisi je? Tumeona vijana wenye mazoezi wakipewa falanga kidogo ili wavunje mukutano wa wafanyakazi. Tumeona pia wenzetu wakimupiga sefu kwa hasira. Kesho yake mushahara, kofia za kazi na hewa ya chini vyote vikasahaulika. Ikabaki kesi ya ngumi tu, na wakubwa wakapumua. Nyumbani ni vilevile: baba ametukanwa kazini, anamaliza hasira kwa mama na batoto. Ile si nguvu, ni nguvu iliyomwagika.

Muzee Kano alikufa tarehe 4 Mei 1938 ndani ya meli Hikawa Maru, akirudi kutoka mukutano wa Olimpiki huko Cairo, na miaka 77. Judo iliingia katika Olimpiki ya Tokyo 1964, yeye hakuiona.

Bandugu, mukimupeleka mutoto kwenye judo, musiulize tu kama mwalimu anashinda vikombe. Angalieni anamufanyia nini yule aliyeanguka. Na katika sindika tuangalie vilevile: siku tutakapomushinda mukubwa mezani, tujue pa kuweka mukono, juu kesho tutakaa naye tena.