Luigi Galvani: miguu ya chura, umeme na kiapo alichokataa

Mwaka 1798, katika mji wa Bologna, inchini Italia, profesa wa miaka 60 aliondolewa kwenye chuo kikuu na mshahara wake ukakatwa. Hakuwa ameiba, wala kufundisha uongo. Alikataa kuapa utii kwa Jamhuri ya Cisalpina, serkali iliyosimamishwa na majeshi ya Ufaransa chini ya Napoleon Bonaparte. Mkatoliki huyo aliona kwamba kiapo hicho kinapingana na imani yake.

Luigi Galvani alizaliwa Bologna tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 1737. Alisomea uganga hapo hapo, akamaliza mwaka 1759, kisha akafundisha elimu ya viungo vya mwili na kutibu wagonjwa. Bibi yake, Lucia Galeazzi, binti ya profesa wa elimu hiyo hiyo, alimsaidia katika utafiti. Hawakupata mtoto.

Zama hizo wasomi wengi waliamini kwamba ubongo unatuma kitu kama maji membamba ndani ya neva ili kuamsha misuli. Hakuna aliyekuwa amekiona.

Mwaka 1781, chura aliyepasuliwa alikuwa mezani karibu na mashini ya kutoa cheche za umeme. Kisu kilipogusa neva ya mguu, na mashini ikatoa cheche, mguu wa chura yule mufu ukaruka. Watu husimulia kwamba vyura hao walikuwa wa kupikia supu ya Lucia aliyekuwa mgonjwa. Ni hadithi tamu, lakini Galvani alikuwa akipasua vyura kwa masomo hata kabla ya siku ile.

Alirudia jaribio kwa miaka. Wakati wa radi, miguu iliruka. Mwaka 1786 alitundika vyura kwa ndoano za shaba kwenye vyuma vya baraza. Mbingu ilikuwa safi, lakini ndoano zilipobanwa kwenye chuma, misuli ilijikunja. Akaamua kwamba mnyama ana umeme wake mwenyewe, na akachapisha kitabu mwaka 1791. Lucia alikuwa amekwisha kufariki.

Alessandro Volta, profesa wa Pavia, alimsifu kwanza, halafu akampinga: umeme unatoka kwenye metali mbili tofauti zinazogusana, chura anauonyesha tu. Mwaka 1794 likatoka jibu, bila jina la mwandishi: msuli unajikunja hata bila metali yoyote, neva iliyokatwa ikiangushwa juu yake. Kila mmoja alikuwa na haki upande wake, ila Volta alikuwa na sauti kubwa zaidi.

Galvani alifariki Bologna tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 1798, wakati viongozi walikuwa wamekubali kumrudishia kazi bila kiapo. Mwaka 1800 Volta alitangaza betri yake, iliyozaliwa na ubishi ule ule, na kwa muda mrefu umeme wa wanyama ukawekwa pembeni. Mjerumani Emil du Bois-Reymond aliupima ndani ya neva katika miaka ya 1840. Mwaka 1850, Hermann von Helmholtz akapima mwendo wa ujumbe katika neva ya chura: karibu mita 27 kwa sekunde.