Jim Thorpe: Medali Zilizoondoka kwa Barua, Zikarudi kwa Kijitabu

Katika nyumba zetu nyingi hapa Ghuba kuna sanduku au mkoba wa zamani ambao watoto hawaruhusiwi kuuchezea. Ndani mna cheti cha skuli, hati ya kusafiria iliyokwisha muda miaka mingi nyuma, picha ya timu ya mpira ambayo nusu ya waliomo wameshatangulia mbele ya haki, na pengine medali moja iliyopoteza rangi. Mimi nilikuwa karani wa masjala mpaka nilipostaafu, na kazi yangu yote ilikuwa kutunza karatasi za watu wengine. Kwa hivyo nikisoma maisha ya mtu maarufu, huwa nauliza kwanza karatasi zake zilifanywa nini. Leo nataka kukuelezeni habari za Jim Thorpe, mwanamichezo wa Marekani aliyefariki mwaka 1953. Sijapata kusoma maisha ya mtu mwengine aliyeangushwa na karatasi namna ile, kisha karatasi nyengine ikaja kumtetea naye yumo kaburini.

Thorpe alizaliwa mwaka 1887 kwa hesabu ya wengine, na 1888 kwa hesabu ya wengine, karibu na mji wa Prague katika ardhi ambayo baadaye ikawa jimbo la Oklahoma. Cheti cha kuzaliwa hakijapatikana, jambo ambalo halitawashangaza wazee wetu. Watu wake walikuwa Sac and Fox, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Vitabu vyetu vya skuli vilitufundisha kuwaita Wahindi Wekundu, ingawa hawana udugu wowote na Mhindi wa Bombay wala wa Kachi. Kwa lugha ya kwao aliitwa Wa-Tho-Huk, jina ambalo hufasiriwa kuwa Njia Yenye Mwanga. Alizaliwa pacha. Mwenzake, Charlie, alikufa wangali watoto wadogo, na tangu hapo Jim akawa mtoto wa kutoroka skuli. Mama yao akafa, na mwaka 1904 baba naye akaanza kumpeleka mbali zaidi, mahala ambapo kutoroka si rahisi. Hakuishi kuona matunda yake, kwani alikufa mwaka ule ule.

Mahala penyewe ni Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania. Ilikuwa skuli ya bweni iliyofunguliwa mwaka 1879 na afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, ndani ya kambi ya zamani ya askari. Lengo lake halikufichwa: kumtoa mtoto katika uenyeji wake na kumfanya Mmarekani mweupe wa tabia. Mtoto akifika alinyolewa nywele, alivishwa sare, alipewa jina la Kiingereza na akakatazwa lugha ya mama yake. Alipigwa picha siku ya kufika na akapigwa nyengine baadaye, ili watu waone alivyobadilika. Mimi nilisoma skuli ya misheni na ninajua kidogo mambo ya kupewa jina la pili mlangoni. Lakini sisi tulikuwa tukirudi nyumbani jioni, tunakula na mama zetu na kusema lugha yetu. Wale wa Carlisle waliletwa kwa treni kutoka mamia ya maili, na wengine hawakurudi kabisa. Yalikuwapo makaburi zaidi ya 180 pale, na katika miaka ya karibuni jeshi la Marekani, ambalo ndilo lenye uwanja huo sasa, limekuwa likirudisha mabaki ya watoto hao kwa jamaa zao.

Hapo ndipo kipaji cha Thorpe kilipoonekana. Inasimuliwa kwamba mwaka 1907 alikuwa akipita uwanjani na nguo zake za kazi, akawakuta vijana wa riadha wameshindwa na kipimo cha kuruka juu, akakiruka yeye bila ya maandalizi yoyote. Mwalimu wa michezo, Glenn Warner, ambaye watu walimwita Pop, akamchukua mara moja. Warner alimtaka kwa riadha tu. Hakupenda mkimbiaji wake akavunjwe mguu kwenye futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kubeba mpira mikononi na kuangushana. Thorpe akashikilia, akapewa nafasi ya kujaribu, na mabeki wakashindwa kumshika.

Carlisle haikuwa chuo kikuu kwa jina, lakini timu yake ilicheza na vyuo vikuu na ikavifunga. Mwezi wa Novemba 1911 waliwafunga Harvard 18 kwa 15 nyumbani kwao, na Thorpe peke yake alipiga mipira minne ya kupitisha katikati ya milingoti ya goli. Mwaka uliofuata walikwenda West Point kucheza na timu ya chuo cha maofisa wa jeshi. Fikirini mambo hayo: wajukuu wa watu waliopigwa vita na jeshi hilo, uwanjani na maofisa wa kesho wa jeshi lile lile. Carlisle walishinda 27 kwa 6. Miongoni mwa vijana wa West Point siku hiyo alikuwamo Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Thorpe alichaguliwa katika kikosi bora cha vyuo vya nchi nzima mwaka 1911 na tena 1912. Hata mashindano ya dansi ya vyuo alishinda mwaka huo, lakini hayo tuyaache.

Katikati ya misimu hiyo miwili ya futiboli kulikuwa na Stockholm. Michezo ya Olimpiki ya 1912 ilikuwa na mashindano mawili ya mtu mmoja kufanya michezo mingi: pentathloni yenye michezo mitano na dekathloni yenye kumi. Thorpe aliingia yote mawili. Katika pentathloni alikuwa wa kwanza katika michezo minne kati ya mitano. Kwenye kurusha mkuki tu ndipo alipokuwa wa tatu. Dekathloni ilichukua siku tatu. Hakushuka chini ya nafasi ya nne katika mchezo wowote ule, akamaliza na pointi 8,412, mbele ya Hugo Wieslander wa Sweden kwa pointi 688. Kijana mwenzake wa Carlisle, Lewis Tewanima wa kabila la Hopi, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 10,000. Mbali na medali mbili za dhahabu, Thorpe alikabidhiwa sanamu ya shaba ya mfalme wa Sweden na chombo cha fedha chenye umbo la jahazi, zawadi ya mfalme wa Urusi.

Ipo picha yake ya siku zile ambayo hunishughulisha kuliko medali. Amesimama wima na nguo za mashindano, uso mkavu. Tazameni miguuni. Viatu havifanani, na soksi nazo hazifanani. Kisa chake ni kwamba viatu vyake viliibiwa, akaokoteza viwili visivyo ndugu, na kimoja kilipompwaya akavaa soksi ya ziada.

Alirudi Marekani kwa maandamano na bendera. Miezi sita haikutimia vizuri.

Mwezi wa Januari 1913 gazeti moja la mji wa Worcester, katika jimbo la Massachusetts, likaandika kwamba Thorpe alipata kucheza besiboli kwa malipo. Ilikuwa kweli. Mwaka 1909 na 1910, wakati wa kiangazi, alicheza katika ligi ndogo ya North Carolina kwa dola chache. Wanafunzi wengi wa vyuo walifanya hivyo hivyo, ila walijiandikisha kwa majina ya uongo. Thorpe alitumia jina lake mwenyewe, ndiyo maana akapatikana. Olimpiki za siku hizo zilikuwa za wachezaji wa ridhaa tu, na aliyewahi kulipwa katika mchezo wowote hakuruhusiwa. Ikaandikwa barua kwa jina la Thorpe kwenda kwa James Sullivan, mkubwa wa chama cha wachezaji wa ridhaa. Alikiri, akaeleza kwamba hakujua kuwa ni kosa na kwamba hakuwa peke yake. Warner alidai kuwa hakuwa na habari. Mimi siamini. Mwalimu ambaye mchezaji wake bora hayupo misimu miwili asiulize yuko wapi? Lakini aliyekuwa na cheo alitoka salama, na kijana aliyelelewa kwenye bweni la serikali ndiye aliyebeba mzigo. Jina lake likafutwa katika daftari la washindi, na medali pamoja na zawadi zikafungashwa zikarudishwa. Wieslander akapelekewa dhahabu moja, na Ferdinand Bie wa Norway akapelekewa ya pili. Wote wawili waliendelea kusema kwamba aliyeshinda ni Thorpe.

Maisha yaliyofuata yalikuwa marefu nami nitayapita upesi. Alicheza besiboli ya kulipwa na New York Giants na timu nyengine mpaka 1919. Alicheza futiboli ya kulipwa na Canton Bulldogs, na mwaka 1920 akawa rais wa kwanza wa chama ambacho leo kinaitwa NFL. Alioa mara tatu. Mtoto wake wa kwanza wa kiume, aliyempa jina lake, alimfia akiwa mdogo. Uraia wa Marekani kwa wenyeji wa asili wote ulikuja mwaka 1924, miaka 12 baada ya huyu kuishindia nchi hiyo. Alipoacha kucheza, mwaka 1928, umri ulikuwa umepita 40 na fedha hazikuwapo. Akachimba mitaro huko California, akaigiza sehemu ndogo ndogo katika filamu, akawa baharia, na pombe nayo ikamsumbua. Mwaka 1950 waandishi wa habari wa Marekani walimchagua kuwa mwanamichezo bora wa nusu karne. Mwaka 1951 ikatoka filamu ya maisha yake, naye mwaka huo huo akatibiwa saratani ya mdomo kwa hisani kwa sababu hakuwa na cha kulipa. Alikufa kwa maradhi ya moyo tarehe 28 Machi 1953, katika nyumba ya magurudumu huko Lomita.

Hata maiti yake haikupumzika. Jamaa zake wa Oklahoma walikuwa wameshaanza mazishi ya kabila lao pale mke wake wa tatu alipokuja akauchukua mwili. Ukazungushwa, hatimaye ukazikwa Pennsylvania, katika miji miwili midogo iliyokubali kuungana na kujiita Jim Thorpe ili ipate wageni. Yeye hakuwa na uhusiano wowote na mji huo. Wanawe walikwenda mahakamani mwaka 2010 kutaka wamrudishe kwao. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliwakatalia, na 2015 mahakama kuu kabisa ya nchi ikakataa kuisikiliza kesi.

Sasa tuje kwenye lile kabati, kama tulivyokuwa tukisema masjala. Mwandishi wa maisha yake, Robert Wheeler, na mkewe Florence Ridlon, walikuwa wakitafuta njia ya kumrudishia haki yake. Ridlon akakipata, ndani ya Maktaba ya Bunge la Marekani, kijitabu cha kanuni za michezo ya 1912. Kilikuwa kimeangukia nyuma ya rafu. Kanuni ilisema wazi kwamba pingamizi juu ya sifa za mchezaji sharti lipelekwe ndani ya siku 30 tangu kufungwa kwa michezo. Gazeti la Worcester liliandika baada ya miezi sita. Basi kwa kanuni zao wenyewe hawakuwa na ruhusa ya kumnyang'anya kitu. Kila mkubwa aliyehusika mwaka 1913 angeweza kukifungua kijitabu hicho, wala hakikuwa siri.

Mwezi wa Oktoba 1982 kamati ya kimataifa ya Olimpiki ikalirudisha jina lake, lakini kwa nusu nusu: akaandikwa mshindi pamoja na wale wawili waliokuwa wa pili. Januari 1983 watoto wake wakakabidhiwa medali. Hazikuwa zile alizovikwa Stockholm, bali zilitengenezwa mpya. Ilibidi kungoja mpaka tarehe 15 Julai 2022, miaka 110 kamili tangu amalize dekathloni, ndipo kamati ikamwandika mshindi pekee wa mashindano yote mawili. Kabla ya hapo waliulizwa jamaa wa Wieslander na kamati ya Olimpiki ya Norway, na hakuna aliyepinga.

Medali za asili zilikuwa zimewekwa katika makumbusho. Ziliibiwa, na mpaka leo hazijapatikana.