Elijah Masinde: Nabii wa Bungoma aliyeitwa mwendawazimu

SERIKALI ya kikoloni ilipochoshwa na Elijah Masinde, haikutosheka kumwita mhalifu. Mwaka 1945 alitangazwa kuwa mgonjwa wa akili, akapelekwa katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi na kuzuiliwa huko hadi 1947.

Masinde, Mbukusu aliyezaliwa takriban mwaka 1910 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Bungoma, hakuanza maisha yake kama mpinzani. Alisoma katika shule ya wamishenari wa kanisa la Friends na kuwa muumini wao. Aidha, alikuwa mwanasoka hodari kutoka Kimilili aliyeiwakilisha Kenya dhidi ya Uganda katika kombe la Gossage mwaka 1930. Baadaye aliajiriwa na mahakama ya wenyeji kupeleka hati za kuwaita watu kortini.

Uhusiano wake na kanisa ulivunjika katika miaka ya 1930 alipooa mke wa pili. Hatimaye aliibuka kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, iliyowahimiza watu kurejelea ibada za wahenga wao na kumwomba Wele, Mungu wa Wabukusu, bila ya kupitia kwa Mzungu.

Mafundisho hayo hayangetenganishwa na suala la ardhi. Ng'ambo ya mpaka wa wilaya, katika Trans Nzoia, walowezi walikuwa wametwaa mashamba makubwa kuuzunguka mji wa Kitale. Wabukusu wengi waliishi humo kama maskwota, wakilima ardhi isiyokuwa yao. Masinde alitaka Wazungu waondoke. Vilevile alipinga watu kulazimishwa kufanya kazi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na kuamrishwa kung'oa magugu mashambani. Mwaka 1944 alikamatwa baada ya kukabiliana na watumishi wa chifu.

Uamuzi wa kumpeleka Mathari ulitolewa wakati ambapo ubongo wa Mwafrika ulikuwa tayari umefanywa hoja ya kisiasa. Katika miaka ya 1930, Dkt H. L. Gordon, aliyehudumu Mathari, alidai kuwa Waafrika walizaliwa na upungufu wa akili. Mwenzake, F. W. Vint wa maabara ya serikali jijini Nairobi, alipima bongo 100 za Waafrika waliofariki na kuchapisha matokeo yake mwaka 1934, akidai kuwa zilikuwa duni zikilinganishwa na za Wazungu. Naye Dkt J. C. Carothers, aliyesimamia Mathari tangu 1938 hadi 1950, aliandika baadaye kuhusu akili ya Mwafrika kwa mtazamo uliokaribiana na huo.

Madai hayo yamekataliwa na sayansi. Uzito wa ubongo si kipimo cha akili, na vipimo vya Vint havikuzingatia ipasavyo njaa na maradhi yaliyowaandama maskini.

Utafiti wa ubongo wenyewe ulichukua mkondo mwingine. Mwaka 1965, mwanasayansi wa Marekani, Blake Moore, aligundua protini ya ubongo iitwayo S100, ambayo hunasa madini ya kalsiamu. Siku hizi watafiti huipata kwa kutia jeni yake ndani ya bakteria, ambao huitengeneza kwa wingi, kisha husafishwa kwa matumizi ya maabara. Aina mojawapo ya protini hiyo ikizidi damuni baada ya ajali, madaktari hupata ishara kwamba huenda ubongo umejeruhiwa. Hata hivyo, hakuna protini wala mizani iwezayo kubainisha iwapo anayedai ardhi ya babu zake ni mwendawazimu.

Mathari haikumnyamazisha Masinde. Katika miaka hiyo ya 1940 aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe, karibu na Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Majengo ya walowezi yalichomwa moto Trans Nzoia, na serikali ikawalaumu wafuasi wa dini hiyo. Mnamo Februari 10, 1948, polisi walifyatulia umati risasi huko Malakisi na kuua watu 11. Masinde alikamatwa siku chache baadaye, dini yake ikapigwa marufuku, naye akapelekwa uhamishoni Lamu, mbali mno na kwao. Hakuachiliwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Uhuru ulipopatikana, wengi walitarajia kwamba masaibu yake yamefika kikomo. Dini ya Msambwa ilisajiliwa mwaka 1964, lakini serikali ya Waafrika ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Masinde, asiyesita kuwakosoa watawala wapya, alirudishwa gerezani. Aliachiliwa mwaka 1978, baada ya Daniel arap Moi kuingia mamlakani, na akaaga dunia mwaka 1987.

Mashamba yaliyouzunguka mji wa Kitale yalibadilisha wenyewe baada ya uhuru, na familia nyingi za Wabukusu zikapata makao huko. Lile ambalo wakoloni waliliona kuwa dalili ya wazimu, yaani Mwafrika kudai ardhi ya Trans Nzoia, likawa jambo la kawaida katika muda usiozidi miaka 20 tangu Masinde atoke Mathari.