Tom Mboya: Mwana wa Rusinga Aliyewahoji Mawaziri

Watu wa Mombasa walimjua Tom Mboya kabla Bunge halijamjua. Mnamo Machi 1955 makuli wa bandari ya Kilindini waligoma wakidai mshahara, naye, kijana wa miaka 24, akashuka kutoka Nairobi akiwa katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Aliwashauri warudi kazini ili madai yao yasikizwe mbele ya baraza la usuluhishi, na matokeo yake yakawa nyongeza iliyokaribia theluthi moja ya mshahara. Tangu siku hizo ilidhihirika kwamba silaha yake ni hoja iliyopangwa vizuri.

Marehemu Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Mzee Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge. Asili yao lakini ni kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Victoria, katika Homa Bay ya leo. Alisoma katika shule za misheni, kisha akawa mkaguzi wa afya katika mji wa Nairobi, na huko ndiko alikoingia katika harakati za wafanyakazi.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wenyewe katika Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe hao walikuwa wanane tu. Mboya alichaguliwa Nairobi, Ronald Ngala akatoka huku kwetu Pwani, na Lawrence Oguda akawakilisha Nyanza Kusini, sehemu ambamo zimo Homa Bay na Migori za leo. Wazungu, waliokuwa wachache mno nchini, walikuwa na wajumbe 14 wa kuchaguliwa.

Wanane hao walikataa kuingia serikalini. Basi, watu wasio na wingi wa kura wangefanya nini? Walibaki na ulimi na haki ya kuuliza. Kwa desturi ya mabaraza hayo, mjumbe hupeleka swali lake mapema kwa karani, likachapishwa katika ratiba ya siku, na waziri akalazimika kusimama mbele ya wote alijibu. Jibu likipwaya, hufuata swali la nyongeza, na hapo ndipo waziri asiyejiandaa hutokwa na jasho. Yote huandikwa katika kumbukumbu za baraza, na magazeti huyasambaza.

Nguvu ya maswali ilionekana mwaka 1959, baada ya mahabusu 11 kupigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana. Serikali ilitangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maswali yalipozidi, hadi ndani ya Bunge la Uingereza, uongo huo ukaanguka.

Kisha meza ikageuka. Mwaka 1962 Mboya akawa Waziri wa Kazi, baadaye wa Sheria na Mambo ya Katiba, na tangu 1964 wa Mipango ya Uchumi. Sasa alikuwa upande wa kujibu, na Ngala, mwenzake wa zamani, alikuwa akiongoza upinzani wa KADU hadi chama hicho kilipovunjwa mwaka 1964. Mboya alisifika kwa kuingia Bungeni akiwa na hesabu zake mkononi.

Hata hivyo, haki inatutaka tuseme yote. Mwaka 1966 Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU, Katiba ilibadilishwa haraka ili mbunge anayehama chama apoteze kiti chake na kurudi kwa wapiga kura. Mboya alikuwa mstari wa mbele kuitetea sheria hiyo. Yule aliyepanda ngazi kwa kuhoji wakubwa alisaidia kuwapunguza wenye kuhoji. Mwanadamu hakamiliki, na cheo ni mtihani.

Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi mchana mjini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 38. Mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa, lakini wengi hawakuacha kuuliza ni nani aliyemtuma. Alizikwa Rusinga kwa wazee wake.

Chini ya Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge tena, na kwa miaka mingi walihojiwa katika kamati tu, mpaka mwaka 2023 walipoanza tena kufika mbele ya Bunge zima. Mvuvi wa Mbita, mkulima wa tumbaku wa Migori na kuli wa Kilindini hawawezi kuingia humo. Wanaye mjumbe wao tu. Akinyamaza yeye, nao wamenyamazishwa. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo; na serikali isiyoulizwa, nayo haina la kujifunza.