John Steinbeck na Lulu ya La Paz

Sisi wa Uganda twaiita nchi yetu Lulu ya Afrika, ilhali hatuna bahari, na neno hilo twalitamka kila sikukuu pasipo kulifikiri. Mimi nililifikiri niliposoma kitabu cha John Steinbeck kiitwacho The Pearl, ndipo nikataka kumjua aliyekiandika. Wanafunzi wa zamani waliokisoma darasani watanisahihisha nikikosea.

Alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Salinas, California, nchini Marekani. Mama yake alikuwa amepata kuwa mwalimu. Ujanani alifanya kazi mashambani pamoja na vibarua, akajifunza maisha yao. Chuo Kikuu cha Stanford aliingia mwaka 1919, akawa mtu wa kuingia na kutoka, hata mwaka 1925 akaondoka bila shahada. (Wavivu wa bweni letu wasishangilie, kusoma hakuacha kamwe.) Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1929, hakikumpa sifa. Lakini mwaka 1939 alitoa The Grapes of Wrath, habari za wakulima maskini waliofukuzwa na ukame na madeni. Watu wengi walikinunua, na katika wilaya ya Kern, kule kule California, wakubwa wakakipiga marufuku mashuleni na maktabani.

Mwezi wa Machi 1940 alisafiri kwa mashua na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe vya baharini, wakazunguka Ghuba ya California kwa muda wa majuma sita hivi. Huko La Paz, mji wa Meksiko uliosifika zamani kwa lulu, akapata hadithi ya kijana mmoja aliyeokota lulu kubwa ajabu. Kijana yule aliona sasa atakunywa pombe apendavyo, ataoa, na tena atalipia misa za kumtoa toharani kabla hata hajafa! Lakini wachuuzi walitaka kumpa bei ya kumdhihaki, na watu wakamvizia usiku wakampiga. Mwisho akaitupa lulu baharini, akawa huru.

Steinbeck hakuisadiki hadithi hiyo. Aliona kijana wa namna hiyo ana busara kupita binadamu. Basi alipoiandika upya, mwaka 1945 gazetini na mwaka 1947 kitabuni, akamgeuza kijana kuwa Kino, baba wa mtoto aliyeumwa na nge, ambaye daktari alikataa kumtibu kwa kuwa wazazi hawakuwa na fedha. Akatia na nyimbo: Kino husikia moyoni wimbo wa jamaa yake, wimbo wa uovu, na wimbo wa lulu yenyewe, ambao mwanzoni ni mtamu, kisha waharibika. Nami naona alifanya vema. Mlevi akitupa mali hatumlilii, lakini Kino alitaka mwanawe ajue kusoma, ili wasidanganywe tena na wenye vitabu.

Likizo iliyopita nilimsimulia baba hadithi hiyo kwa lugha yetu. Yeye hakusoma, na karo yangu aliilipa kwa kuuza ng'ombe. Hakuuliza habari za lulu hata kidogo. Aliuliza kama mtoto alifika shuleni. Nikamjibu kwamba aliuawa kwa risasi. Baba akanyamaza, halafu akaondoka kwenda kufunga ndama.

Ricketts alifariki mwaka 1948 baada ya gari lake kugongwa na treni, na rafiki yake alihuzunika sana. Mwaka 1962 Steinbeck alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Waandishi wa magazeti walipomwuliza kama anastahili, alisema hapana. Alifariki New York tarehe 20 Desemba 1968, na majivu yake yakazikwa Salinas.